Ionia, Dalmatia au Göcek: wapi pa kuwapeleka marafiki kwa boti ya tanga

Swali lenyewe huwa hivi. Kuna kundi la marafiki: wawili wako Uingereza, mmoja Ujerumani, wengine watatoka Nairobi na Dar. Mmoja ana cheti cha unahodha, au wamekubaliana kumlipa nahodha wa kukodi. Wana wiki moja, wanataka boti ya tanga, na wanataka Mediterania. Waende mwambao upi?

Nalinganisha mitatu inayofaa kweli kwa kukaribisha watu: visiwa vya Ionia magharibi mwa Ugiriki, kuanzia Lefkada hadi Ithaca na Kefalonia, Dalmatia ya kati nchini Kroatia, kutoka Split kwenda Brač, Hvar na Vis, na ghuba ya Göcek na Fethiye kusini-magharibi mwa Uturuki. Mlango wa Bonifacio, kati ya Sardinia na Corsica, nimeuacha kwa makusudi, maana pale hupelekwa mabaharia, si wageni. Cyclades, visiwa vya Ugiriki upande wa mashariki, nazo nimeziacha kwa sababu ya meltemi, upepo wa kaskazini ambao Julai na Agosti unaweza kuvuma siku nne mfululizo kwa kilomita 50 kwa saa. Huwezi kumwalika mtu mapumzikoni kisha ukamfungia bandarini akisikiliza kamba zikipiga mlingoti.

Kigezo changu ni kimoja: mwangalie mgeni mwoga kuliko wote, kisha chagua kwa ajili yake. Nahodha ataridhika popote penye upepo. Ila shemeji ambaye hajawahi kulala juu ya maji, akilewa bahari siku ya kwanza, wiki nzima imekwisha, yake na ya kwenu nyote.

Upepo na urefu wa mwendo

Hapa Ionia inashinda, na inashinda kwa mbali. Upepo wake wa kiangazi, maistro, hutoka kaskazini-magharibi na una saa za kazi kama karani. Asubuhi bahari ni shwari kabisa. Saa saba au saa nane mchana unaanza, unafika kilomita 20 hadi 35 kwa saa, na jua likizama nao unatua. Visiwa vimepangana kuzunguka bahari ya ndani, kwa hiyo mawimbi hayapati uwanja wa kukua. Halafu masafa ni mafupi: kutoka mji wa Lefkada hadi Meganisi ni kama maili 10 za baharini, na kutoka Fiskardo, Kefalonia, kuzunguka ncha ya Ithaca hadi Kioni hakuzidi hapo. Kwa boti ya futi 40 huo ni mwendo wa saa mbili. Mgeni anakunywa chai bandarini, anaogelea kwenye ghuba, anatweka tanga mchana akiwa ameshazoea mtikisiko, na jioni yuko mezani. Hakuna siku anayolazimika kuwa shujaa.

Dalmatia nayo ina upepo wake wa kiangazi wa kaskazini-magharibi, maestral, na siku ukivuma vizuri huo ndio mwambao wa kupendeza zaidi kwa anayejua kusafiri kwa tanga. Tatizo ni ndugu zake wawili. Bura hushuka kutoka milimani upande wa kaskazini-mashariki, ghafla, wakati mwingine mbingu ikiwa safi. Nguvu zake kubwa ni za majira ya baridi, lakini hata kiangazi hujitokeza. Jugo hutoka kusini-mashariki, hujijenga kwa siku moja au mbili, huleta mawingu, mvua na mawimbi marefu, na ghuba zote zinazotazama kusini huwa hazilaliki. Ongeza nevera, dhoruba fupi ya radi inayoweza kupita alasiri moja na kuacha meza na mito ya kukalia ikielea. Si mahali pa hatari, ila nahodha lazima asome utabiri asubuhi na jioni na awe tayari kubadilisha njia. Masafa nayo ni marefu zaidi: Split hadi mji wa Hvar ni maili zaidi ya 20, na kutoka Hvar hadi mji wa Vis ni kama 13 nyingine, kwenye bahari iliyo wazi zaidi. Wageni wenye nguvu wataifurahia. Mgeni mwoga atahesabu dakika.

Göcek ni kinyume chake kabisa. Ghuba imekingwa na visiwa vidogo na milima yenye misonobari, na kutoka kituo kimoja hadi kingine ni maili mbili, tatu, tano. Tuseme ukweli: wengi huko hawasafiri kwa tanga, wanahamisha boti kwa injini kutoka ghuba moja hadi nyingine, wanaogelea, wanakula, wanalala. Nahodha anayependa tanga atachoka siku ya tatu. Mwenye kundi la wazee, au watoto wa miaka minne, hatapata pengine pazuri kuliko hapo. Na wale wanaosema watatoka Göcek, waende mpaka Kaş na Kekova kutazama magofu yaliyozama, kisha warudi ndani ya wiki, wamekadiria vibaya. Njiani kuna Yedi Burun, yaani rasi saba za majabali zisizo na maficho, ambapo mawimbi yanapiga ukuta na kurudi. Kwenda, upepo unakusukuma. Kurudi ni upepo wa omo, yaani wa kukujia usoni, kupiga bisho (kwenda upande huu na huu ili kuupanda upepo) au injini kutwa nzima, na wageni wako wamejikunyata. Kama roho yenu iko Kekova, kodisheni boti ambayo mtaiachia Kaş.

Jambo moja ni sawa kote kutatu, na litamshangaza aliyekulia Mombasa au Unguja: maji hayajai wala hayapwi kwa kiasi cha kujali. Bamvua letu hupandisha bahari mita tatu na zaidi. Huku ni sentimita 30 hivi. Ubao unaowekwa kati ya boti na gati jioni utakuwa hapo hapo asubuhi, na bibi anaweza kushuka bila kushikwa mkono.

Usiku boti inalala wapi

Watu hulinganisha fukwe na magofu. Mimi nalinganisha usiku, kwa sababu asiyelala vizuri hafurahii gofu lolote.

Ionia mnalala gatini, tezi, yaani nyuma ya boti, ikitazama mkahawa. Namna yake ni hii: unadondosha nanga mbali kidogo, unarudi kinyumenyume mnyororo ukitoka, unafunga kamba mbili za tezi, unaweka ubao. Gati za halmashauri hutoza kidogo, na baadhi ya mikahawa ya Meganisi na kwingineko ina gati zake: ukila kwao, hulipi kulala. Wageni wanapenda mambo haya kupita kiasi. Wanashuka kwa viatu vikavu, wananunua aiskrimu, wanarudi wakati wanaotaka. Upande mbaya ni Agosti. Kufika saa nane mchana Kioni na Fiskardo pameshajaa, minyororo imepitana chini ya maji, na asubuhi kila mtu anang'oa nanga ya jirani. Fiskardo gati ikijaa, boti hufunga kamba kwenye miamba ng'ambo ya bandari, na kidau cha mpira kinakuwa teksi. Mahali penyewe panastahili usumbufu huo: tetemeko la mwaka 1953 liliangusha karibu miji yote ya Kefalonia na Ithaca, Fiskardo ikabaki na nyumba zake za zamani.

Dalmatia ina marina halisi. Kampuni ya ACI, iliyoanzishwa 1983, ina mtandao wake mwambao mzima, na kuna nyingine nyingi. Nanga huigusi: kamba ya omo, yaani ya mbele ya boti, imeshatandazwa chini, mhudumu anakupa ncha yake, unafunga. Kuna umeme, maji, bafu za nchi kavu zenye maji moto. Kwenye ghuba nyingi kuna maboya, na jioni atapita mtu na kidau kukusanya pesa. Kwa mgeni anayehitaji kuchaji simu mbili na kukausha nywele, Dalmatia ndiyo jibu, na hakuna haja ya kumcheka.

Göcek ghuba zina kina kirefu hadi karibu na nchi kavu. Unaweza kudondosha nanga kwenye mita 20, ukarudi nyuma, na mtu akaruka na kamba mdomoni au begani kwenda kuifunga ufukweni. Kuna nguzo na vishikizo vya kufungia. Kufunga kwenye miti ni marufuku, kwa kuwa eneo la Fethiye na Göcek limekuwa hifadhi maalumu ya mazingira tangu 1988. Kazi hii ya kamba mpe kijana anayejiona hana la kufanya, na hutamsikia tena akilalamika. Ghuba kadhaa zina mkahawa wenye gati la mbao. Hao watakupokea kamba wenyewe. Usiku hakuna barabara, hakuna maduka, kuna mbuzi na nyenje, na pengine upepo wa ghafla unaoshuka mlimani saa nane za usiku na kuwaamsha wote. Kuna pia mashua kubwa za watalii zenye muziki. Ukiona moja imefunga, songa mbele. Anayependa kutembea jioni madukani atapata nafasi hiyo siku za Göcek mjini au Fethiye tu.

Popote mtakapochagua, usiku wa kwanza fungeni gatini. Kulala kwa nanga kuje usiku wa pili au wa tatu, mgeni akishajua kwamba ile sauti ya mnyororo ukikwaruza jiwe si boti inayozama.

Chakula, sala na choo

Kama kundi lenu lina Waislamu, na makundi yetu mengi yanao, Uturuki inaondoa mazungumzo yote ya nyama. Unanunua, unapika, unakula. Siku za Fethiye na Göcek adhana mnaisikia mkiwa botini. Kwenye ghuba hupita mashua za duka zenye mboga, barafu na mikate, na vidau vinavyouza gözleme, chapati nyembamba za jibini au mchicha zinazochomwa palepale.

Dalmatia nguruwe yuko kila mahali, na pršut, paja lake lililokaushwa, huwekwa mezani kama ishara ya ukarimu. Msimlaumu mwenyeji, mwambieni mapema. Lakini hapohapo kuna peka: pweza au mwanakondoo na viazi chini ya kifuniko cha chuma kilichofunikwa makaa. Lazima kuagizwa saa kadhaa kabla, kwa hiyo nahodha hupiga simu asubuhi. Pweza ule, kwa mtu wa pwani aliyezoea wa nazi, ni mjadala wa jioni nzima, na mimi niko upande wa Wadalmatia. Ugiriki iko katikati: mishikaki mingi ya bei rahisi ni nguruwe, ila mwanakondoo, samaki, mboga za majani na maharage makubwa ya tanuri yapo karibu kila mkahawa. Kote kutatu samaki mkubwa huuzwa kwa kilo. Apimwe mbele yenu, bei itajwe, ndipo aingie motoni.

Sala botini ina jambo moja ambalo watu hawalifikirii mpaka wakati umefika. Boti iliyotia nanga moja huzunguka na upepo, na kibla nacho huonekana kuhama. Iliyofungwa tezi nchi kavu haizunguki. Kutoka miambao yote mitatu kibla kiko kusini-mashariki. Dira ya simu hudanganyika karibu na spika na vyuma, kwa hiyo soma dira ya boti iliyo pale kwenye usukani.

Sasa choo, na ni bora kuzungumza kabla ya kuondoka kuliko baada. Bomba la choo cha boti lina upana wa kama milimita 38. Haliingii kitu ambacho hakikupita mdomoni kwanza. Karatasi huwekwa kwenye mfuko. Wanaochamba kwa maji wana ahueni: vyoo vingi vya boti vina bomba la bafu la kuvutwa, na hilo hufanya kazi vizuri kuliko karatasi yoyote. Gharama yake ni maji. Boti ya futi 40 hubeba lita 300 hadi 500, na watu sita wasioangaliwa watazimaliza kabla ya siku ya tatu, hasa mmoja akioga kama yuko hotelini. Dalmatia unajaza tena karibu kila marina. Ionia kuna gati zenye maji ya kulipia na kuna zisizo nayo. Göcek, ukiwa ghubani, usitegemee tone. Huko pia kuna kadi ya buluu, Mavi Kart, inayoandika majitaka uliyotoa kwenye vituo vya kupokelea, na wakaguzi wanaiomba. Wafundishe wageni kuoga kwa kuruka baharini, kujipaka sabuni, kuruka tena, kisha kujisuuza kwa maji baridi ya dakika moja.

Boti yenyewe

Boti ya mwili mmoja au katamarani, yenye miili miwili? Jibu linategemea mwambao kuliko watu wanavyodhani.

Boti ya mwili mmoja hulala upande upepo ukipanda, nyuzi 15 au 20, na mgeni huamini inapinduka. Waliokulia Lamu wana sababu ya kuamini hivyo: kwenye mashua zetu za mashindano watu na mifuko ya mchanga huhamishiwa upande wa joshi, unakotoka upepo, ili chombo kisilale. Huku kazi hiyo hufanywa na mkuku wa chuma au risasi ulio chini, ambao peke yake huweza kuwa robo ya uzito wa boti au zaidi. Ukiwaeleza hivyo mkiwa bado gatini, nusu ya hofu inaisha. Nusu nyingine inaisha ukipunguza tanga mapema, kabla ya mtu kuomba.

Katamarani hailali upande, ina vyumba vinne mbalimbali na mara nyingi kila chumba na choo chake, na shetri, sehemu ya nyuma, pana kama sebule. Kwa Göcek, ambako boti ni nyumba inayohama kidogo, sioni sababu ya kuchukua kitu kingine kama pesa zipo. Dalmatia upana wake wa karibu mita saba, dhidi ya nne za boti ya kawaida, hukugharimu kila usiku: marina hutoza zaidi, pengine mara mbili, na Julai nafasi lazima uiweke kabla. Kwenye vibandari vya Ionia unachukua nafasi ya boti mbili na majirani watakutazama hivyo. Bei ya kukodi nayo ni kubwa zaidi kwa mbali, na ikipambana na upepo wa omo ni nzito. Kwa Ionia chukueni ya mwili mmoja yenye vyumba vitatu, watu sita, basi. Matangazo yatasema boti hiyo inalaza wanane kwa kugeuza meza ya sebuleni kuwa kitanda. Anayelala hapo huamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na ikifika Jumatano hasemi na mtu.

Nahodha wa kukodi hulipwa kwa kawaida kati ya yuro 150 na 250 kwa siku, na juu ya hizo ana chumba na sahani yake. Mhesabuni kwenye vitanda tangu mwanzo. Ukiendesha mwenyewe, kumbuka Kroatia inadai cheti cha redio pamoja na cha unahodha, na Ugiriki inataka mtu wa pili mwenye uzoefu mbali na nahodha.

Pesa

Kwa kulaza boti, Ionia ni rahisi kabisa na Dalmatia ni ghali kabisa. Marina zinazopendwa karibu na Hvar, kiangazi, boti ya futi 40 huweza kulipa zaidi ya yuro 100 kwa usiku mmoja. Kroatia inatumia yuro tangu Januari 2023, hivyo hakuna hesabu ya kubadilisha. Uturuki ilikuwa na sifa ya urahisi, na bado wengine wanakuja na bei za miaka kumi iliyopita kichwani. Mfumuko wa bei wa miaka ya karibuni umeifuta sifa hiyo kwenye ghuba za Göcek: mkahawa ulio peke yake ghubani hauna mshindani, na vileo vina kodi nzito. Dawa yake ni kujaza jiko soko la Jumanne la Fethiye, na kula mkahawani mara mbili tu kwa wiki.

Mfuko wa pamoja ndio unaookoa urafiki. Siku ya kwanza kila mtu anatoa kiasi sawa, mtu mmoja asiye nahodha anaushika, na humo hutoka chakula, dizeli na ada za bandari. Vileo viwe na mfuko wao, wa wanaokunywa tu. Makundi yetu huona aibu kulisema hili mapema, kisha asiyekunywa ananuna kimyakimya juu ya bili ya Hvar.

Kama boti ni yako, kugawana chakula na dizeli hakuna shida. Kumtoza rafiki bei ya kitanda ni jambo jingine: hapo boti ya binafsi inageuka biashara, inayohitaji kibali, na bima yako inaweza kukukana siku ya ajali. Ni hivyo katika nchi zote tatu.

Mwezi gani

Nusu ya kwanza ya Septemba, kote. Mei bei huwa karibu nusu ya Agosti, lakini maji ya Adria, bahari ya Dalmatia, mwezi huo ni nyuzi 17 au 18, na mtu wa Kigamboni aliyezoea 27 ataingia mara moja tu, kwa picha. Agosti iepuke, hasa wiki ya tarehe 15, sikukuu ya Wagiriki na likizo ya Waitalia kwa pamoja, maana Waitalia huja Ionia na boti zao. Oktoba ni ya Göcek peke yake. Maji bado ni ya vuguvugu, wakati Dalmatia jugo imeshaanza kuvuma mara kwa mara.

Kuingia na kutoka

Kabla ya kuupenda mwambao, jiulize mgeni ataufikiaje, na akishindwa ataondokaje.

Kwa kutoka, Dalmatia ni bora. Feri za Jadrolinija huunganisha visiwa na Split kila siku: Supetar, Brač, chini ya saa moja, Stari Grad, Hvar, kama saa mbili, Vis zaidi kidogo ya hapo. Mgeni mwenye siku nne tu, au aliyechoka na bahari, anashuka bila kuharibu safari ya wengine. Na Vis inafaa kuwa mwisho wa safari yake: ilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia iliyofungiwa wageni hadi 1989, na mahandaki ya nyambizi bado yapo kutazamwa. Ionia, Lefkada imeunganishwa na bara kwa barabara, na uwanja wa ndege wa Aktio, Preveza, uko kama kilomita 20. Ila ukiwa Kioni kuondoka kunachukua siku. Göcek iko jirani na uwanja wa Dalaman, lakini anayetaka kushuka akiwa ghubani lazima boti nzima imrudishe mjini.

Kwa kuingia, Uturuki ni nyepesi kwa ndege: Turkish Airlines inatoka Nairobi, Mombasa, Dar, Zanzibar na Kilimanjaro hadi Istanbul, kisha Dalaman kwa tiketi moja. Viza yake ni yake peke yake. Ugiriki na Kroatia zote ziko katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, Kroatia tangu Januari 2023, kwa hiyo viza moja inatosha kwa zote mbili, na ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Angalieni idadi ya kuingia: mtu mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja, aliyeitumia kupitia Athens, hawezi tena kuvuka kutoka Kaş kwenda kula chakula cha mchana Kastellorizo, kisiwa cha Ugiriki kilicho maili chache tu ng'ambo. Atabaki gatini Kaş akiwapungia mkono.

Ada ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa wiki ya kwanza ya Septemba, wa Nairobi na Dar waanze kutafuta miadi Machi. Wakishaipata viza, watume picha ya ukurasa wa pasipoti kwa anayeandika orodha ya wasafiri wa boti, na majina yaandikwe herufi kwa herufi, maana ofisi ya bandari haimjui Mama Aisha.